Andiko Lisilo na Klasi

"Wamesema mimi si wa klasi yao," Mashimba alimwambia Jitesh, akajiachia juu ya kasha la mchanga wa kusubia kama mtu aliyetua mzigo.

Jitesh alikuwa ameinamia kalibu. Akanyoosha mgongo taratibu, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Nani kasema?"

"Wale wa jarida. Mara ya pili sasa. Andiko lako haliko katika klasi yetu, kwa hiyo hatuwezi kulifikiria. Maneno yaleyale ya mwanzo, hata nukta hawakubadilisha."

"Hawajasema kitu kuhusu mchanga? Kuhusu shaba yangu?"

"Hawajafika huko, Jitesh. Wameishia mlangoni."

Jitesh akasema neno moja la Kigujarati ambalo hakulitafsiri, kisha akaita chai. Karakana hiyo ya kusubu vyuma, nyuma ya maduka ya vipuri katikati ya mji wa Mwanza, ilianzishwa na baba yake, mzee Mansukh. Mashimba alikuwa akiingia humo tangu akiwa kijana mwenye nywele nyingi, na Jitesh akiwa bado anatumwa maji ya kunywa. Wawili hao walikuwa wamezeeka pamoja juu ya kitu kimoja, impela, yaani kile kigurudumu chenye mapanga kinachozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji.

Mashimba Ngosha alikuwa mhandisi wa maji. Alizaliwa upande wa Sengerema, akasoma, akaajiriwa, na maisha yake yote ya kazi yakaishia kwenye pampu za vijiji vya kandokando ya ziwa. Enzi za kivuko, kabla ya daraja, alivuka na kurudi mpaka mabaharia wakawa wanamwuliza habari za wanawe kwa majina. Pampu zilikuwa zinakufa. Kijiji kikifungiwa mpya, watu wanapiga vigelegele, na kabla watoto hawajazoea maji ya bomba, pampu inaanza kukoroma. Ukiifungua, impela imeliwa kama meno ya mzee. Wengine walisema ni pampu za bei rahisi, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mashimba alisema ni mchanga na vigamba vya konokono wa ziwani, na akaanza kupima.

Alipima kwa miaka. Kila impela iliyokufa aliibeba nyumbani kwake Buhongwa, akaifunga kikaratasi cha jina la kijiji, akaiweka chini ya kitanda. Mkewe Evelina alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, ndipo akachukua moja akawa anaigandamizia kifuniko cha sufuria ya maharage. Jitesh naye akasubu impela za shaba nyeusi, ngumu kuliko zile za dukani, wakazifunga Nyakaliro na vijiji vingine vya mwambao. Zikadumu. Mashimba akagundua pia kwamba mdomo wa bomba la kunyonyea ukigeuzwa utazame juu badala ya kutazama chini, mchanga unaoingia unapungua sana. Jambo dogo, ambalo lingeokoa pampu nyingi. Alipostaafu akasema haliwezi kufa naye. Ataliandika, litoke kwenye jarida la wahandisi linalosomwa duniani, na juu yake yatakaa majina mawili, lake na la Jitesh.

Akaandika mwaka mzima, kwa kidole kimoja cha kila mkono. Akatuma. Likarudi. Akafikiri labda Kiingereza chake ni cha shambani, akaliandika upya kwa maneno makubwamakubwa. Akatuma. Likarudi na lile neno lilelile, klasi.

Sasa neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Alijua klasi ni nini. Alikuwa amekaa katika mikutano mingi na watu wa klasi, wenye udaktari mbele ya majina yao, waliomsikiliza huku wakitazama simu. Yeye alikuwa na shahada moja tu na matope ya Sengerema kwenye viatu. Basi hata huko mbali, kwa watu wasiomjua, walikuwa wamemnusa.

Siku iliyofuata, Jumamosi, alikaa barazani akamwaga moyo wake kwa Evelina, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama Pius, mimi naacha. Siwezi kuomba watu wanione mtu. Wamesema wazi, andiko langu halina klasi."

Uani, nyuma ya shuka lililokuwa linaanikwa, mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, kilichomponyoka mwenyewe na kukatwa palepale. Lakini kilisikika. Shuka likatulia. Aliyekuwa nyuma yake ni Winnie, mke wa Pius, mwana wao wa kwanza. Pius alifanya kazi mgodini Geita na kurudi nyumbani wikiendi moja moja. Winnie alifundisha hisabati shule ya sekondari hapo Buhongwa, na wakati mumewe hayupo aliishi na wakwe zake. Alikuwa binti wa Ukerewe, mwembamba, mpole, na tangu aolewe, zaidi ya shikamoo na marahaba, hakuwahi kusemezana na baba mkwe wake.

Hilo halikuwa kwa ubaya. Kwa jinsi Mashimba alivyolelewa, baba na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawali meza moja. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka kazi ya nje. Ndiyo heshima. Na sasa mtu huyu wa heshima amemcheka siku ya aibu yake.

Mashimba akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mchana ule chakula kilipoa mezani. Evelina akamfuata Winnie jikoni na uso wa kuhukumu, akamkuta mwenzake ameshika kichwa.

"Mama, nisamehe. Sikumcheka baba. Wallahi, mimi Mkatoliki naapa hivyo! Nimecheka neno."

"Neno gani la kuchekesha, mwanangu? Mzee wa watu ametukanwa."

"Hajatukanwa. Hiyo klasi siyo klasi ya watu, mama. Ni faili. Ni faili la kompyuta!"

Evelina akamtazama kama anayepima homa. Kisha akasema, "Nifafanulie polepole, maana ni mimi nitakayekwenda kusema."

Winnie akafafanua. Alipokuwa chuoni akisomea shahada ya pili, wanahisabati wote waliandika kazi zao kwa mtindo uitwao LaTeX, nao waliutamka lateki. Humo huandiki kama kwenye programu ya kawaida ya ofisini, ukikoleza herufi hapa na kusogeza picha pale. Unaandika maneno matupu, na kando yake unaweka amri. Hiki ni kichwa cha sura. Hili ni jedwali. Hii ni hesabu. Kisha kwenye mstari wa kwanza kabisa unataja klasi, na klasi ndiyo inayojua kila kitu kitakaa wapi, herufi zitakuwa na ukubwa gani, ukurasa utagawanyika safu ngapi. Kila jarida lina klasi yake na linaitoa bure.

"Ni kama sare ya shule, mama. Mtoto ni yuleyule. Ukimvika sare ya shule nyingine, anaonekana wa shule hiyo."

Evelina akafuta mikono kwenye kanga, akaenda chumbani, akasimama mlangoni akamwambia mumewe, "Baba Pius, andiko lako lilikwenda shule bila sare. Limerudishwa getini. Hakuna aliyesema mtoto hana akili."

Mashimba aligeuka kitandani. "Nani kasema hivyo?"

"Mkweo. Na anaomba msamaha, alicheka kwa sababu alijua."

Ilimchukua muda. Kwanza alikataa, kwa kuwa uchungu wa miezi mingi haufukuzwi kwa sentensi moja. Kisha akafungua kompyuta yake kuukuu, akaitafuta ile barua, akaisoma tena kwa jicho jingine. Mwishoni, chini ya salamu, palikuwa na maneno ya buluu aliyokuwa amedhani ni tangazo. Akayabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye faili dogo, na jina la faili lilikuwa hilohilo, klasi, na maelekezo ya namna ya kulitumia.

Akashusha pumzi. Evelina aliisikia kutoka mlangoni, pumzi ndefu kama ya ng'ombe aliyefika mtoni. "Kumbe," akasema. Kisha tena, kwa sauti ya chini, "Kumbe."

Kazi ikaanza Jumapili baada ya misa, na ilikuwa kichekesho. Mashimba alikaa sebuleni na kompyuta yake. Winnie alikaa baraza ya uani na ya kwake. Kati yao, kwenye kizingiti, alisimama Evelina.

"Mama, mwambie baba apakue lile faili aliweke pamoja na picha zake."

"Baba Pius, anasema pakua uweke na picha."

"Mwambie nimeshaweka. Sasa je?"

"Anasema ameshaweka, sasa je?"

"Nimemsikia, mama. Aandike mstari wa kwanza. Aanze na mkwaju, ile alama ya mstari unaolalia nyuma."

"Anza na mkwaju unaolalia nyuma."

"Nimesikia, Mama Pius."

Evelina akaweka mikono kiunoni. "Kama mmesikiana, mimi nafanya nini hapa katikati? Mimi ni waya wa simu?" Akaondoka zake kwenda kumwona jirani, na masomo yakakatikia hapo.

Kesho yake Winnie alirudi kutoka shule na wazo. Palikuwa na namna ya kuweka andiko mtandaoni, watu wawili wakalifungua kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake, chumba chake. Akaandaa kila kitu, akamtumia Mashimba kiungo kwa simu ya Evelina. Mzee akafungua sebuleni, akaona andiko lake, na mbele ya macho yake herufi zikaanza kujiandika zenyewe:

% Shikamoo baba. Mstari ukianza na alama hii ya asilimia, kompyuta inauruka. Hautokei kwenye karatasi. Tunaweza kuandikiana hapa. Winnie.

Mashimba aliitazama ile mistari kwa muda. Aliangalia dirishani, akaangalia mlangoni, kama mtu anayehakikisha hakuna mwiko unaovunjwa. Hapakuwa na benchi walilokalia pamoja. Hapakuwa na meza. Akatafuta alama ya asilimia kwenye vitufe, akaipata.

% Marahaba.

Akakaa kidogo, akaongeza neno moja mbele yake: mwanangu.

Kuanzia hapo jioni zao zikawa hivyo. Winnie akirudi, anabadilisha nguo, anamsaidia mama jikoni, kisha anaketi uani. Sebuleni Mashimba alikuwa ameshaanza. Mzee alifundishika. Alipenda kwamba kila amri ina mwanzo na mwisho, kwamba ukifungua mabano, yale yaliyopinda kiunoni, lazima uyafunge, kama vali ya maji. Alipenda kutozihesabu picha mwenyewe. Ukiingiza picha mpya katikati, zote zinazofuata zinajihesabu upya, na mahali popote ulipozitaja ndani ya maandishi panarekebika. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa mkono katika andiko la kwanza, na bado picha mbili zilikuwa na namba moja.

Lakini kompyuta ilimtesa pia. Siku moja aliandika matokeo yake makubwa, yale aliyoyangoja miaka: uchakavu umepungua kwa asilimia arobaini, na baada ya hapo maelezo ya sababu zake. Alipochapisha ukurasa, sentensi iliishia kwenye namba arobaini. Maelezo yote yalikuwa yametoweka. Akaandika upya. Yakatoweka tena.

% Mwanangu, kuna kitu kinakula maneno yangu.

% Yako wapi baba?

% Kwenye matokeo. Nikifika kwenye arobaini tu, yanaliwa.

Jibu likaja kutoka uani.

% Baba, umeandika alama ya asilimia. Kompyuta inadhani unaniambia mimi siri. Weka mkwaju wa nyuma mbele yake.

Mashimba akaweka mkwaju. Maneno yote yakarudi, mazima, kama watoto waliokuwa wamejificha. Akacheka peke yake sebuleni, na uani akasikia Winnie naye anacheka, na safari hii hakuna aliyekasirika.

Siku nyingine hakukuwa na kicheko. Alikuwa anahangaika na jedwali la Nyakaliro, lile pana lenye vipimo vya misimu yote. Klasi ya jarida iligawa ukurasa safu mbili nyembamba, na jedwali lilitokeza nje ya karatasi kama miguu ya mgeni mrefu kwenye kitanda kifupi. Akafuta hiki, akaongeza kile, akabonyeza. Ukurasa haukuja. Ikaja mistari myekundu, mingi, mmoja juu ya mwingine, na andiko lote halikuonekana. Vijiji vyote, miaka yote, impela zote za chini ya kitanda. Akaita kwa sauti, akisahau kila kitu, "Winnie!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Winnie alifika mpaka kizingitini, akasimama hapo.

"Baba, umefuta?"

"Sijui. Limekwenda lote."

"Halijaenda, baba. Ngoja." Akarudi mbio kwenye kompyuta yake. Mashimba akaketi, akatazama kiashiria chake kikitembea juu ya andiko, kikishuka, kikasimama. Kikaandika alama moja ndogo, mabano ya kufunga. Ukurasa ukarudi.

% Hakuna kilichopotea baba. Bano moja halikufungwa. Jedwali pana ukiliongezea nyota kwenye amri yake, linakubaliwa kulala juu ya safu zote mbili. Nimekuwekea.

Mashimba akasogeza andiko mpaka mwisho, akahakikisha vijiji vyote vimo. Akaandika:

% Wabeja, asante sana. Nilikuwa nimekufa.

Huenda ni hofu ya siku ile iliyolegeza kitu. Mistari ya asilimia ikaanza kuwa mirefu. Pembeni ya picha ya bomba la Nyakaliro, Mashimba alimweleza kuhusu siku walipogeuza mdomo wa bomba na mama mmoja akamletea kuku, akakataa kuku, yule mama akalia, ikabidi ampokee. Chini ya hesabu ya kasi ya maji, Winnie alieleza jinsi anavyoota Ukerewe na kuamka akidhani anasikia injini za mitumbwi. Mahali fulani Mashimba aliandika kwamba watu hawa wa jarida wana masharti kuliko mganga. Mahali pengine alionya kwamba Mama Pius leo ameunguza maharage, usimwambie nimejua. Kisha jioni moja, juu kabisa ya hitimisho, alikuta hii:

% Baba, naomba nikuulize. Tangu nije hapa nilidhani hunipendi. Nikiingia, unatoka. Niliwahi kumwambia Pius tupange nyumba yetu.

Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Mwaka mzima alikuwa akitoka sebuleni kwa heshima, na mwaka mzima msichana wa watu alikuwa akihesabu migongo yake.

Jibu lake lilichelewa. Aliandika, akafuta. Winnie huko uani aliziona herufi zinakuja na kurudi. Mwishowe zikabaki.

% Kwetu kunyamaza ni heshima. Sikujua kwamba kwako kunauma. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Siku ile ulipocheka nilikasirika sana, lakini usingecheka ningekuwa nimekwishaacha.

Asubuhi, Winnie alipokuwa anatoka kwenda shule, Mashimba aliyekuwa anamwagia mchicha maji alimtangulia kusalimu. "Umeamkaje, mwanangu?" Winnie alijibu vizuri tu, lakini alipopita geti alilazimika kusimama kidogo.

Andiko likakamilika. Jitesh aliitwa Buhongwa kuliona. Alikuja na sanduku la ladu, vitafunio vitamu vya mviringo alivyopika mkewe Nirmala, akavaa miwani, akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo. Safu mbili nyembamba, vichwa vimenyooka, hesabu zimekaa katikati na namba zake pembeni, marejeo yamejipanga. Na juu, chini ya kichwa cha habari, M. Ngosha, na baada yake J. Mansukh.

"Hilo Mansukh ni la baba," Jitesh akasema. "Baba yuko hapo." Akavua miwani, akala ladu mbili mfululizo.

Wakatuma. Jarida lilitaka faili lote, lenye maneno na amri, siyo karatasi yake tu. Winnie akalipakia, wakaona ujumbe wa kwamba limepokelewa. Safari hii halikurudishwa getini. Lilipelekwa kwa wasomaji, wataalamu wa kulihakiki.

Ilipita kama wiki. Winnie alikuwa anasimamia mtihani, darasa limetulia, yeye anatembea kati ya madawati, ndipo alipokumbuka. Faili lote. Mistari ya asilimia haitokei kwenye karatasi, lakini kwenye faili imo. Yote imo, mganga, maharage, Ukerewe, kunyamaza kunauma. Wameituma.

Mtihani ulipokwisha hakwenda hata ofisi ya walimu. Alifika nyumbani anahema, akamkuta Mashimba uani amechutama, anafungua koki iliyokuwa inavuja. Akapiga goti.

"Shikamoo baba. Nimefanya kosa."

Mashimba akaweka spana chini. Evelina alitokeza kichwa jikoni, akabaki hivyohivyo, maana wawili hawa walikuwa wanazungumza mchana kweupe, uso kwa uso.

"Kosa gani?"

"Mazungumzo yetu, baba. Sikuyafuta. Yamekwenda pamoja na faili. Wale watu wanaweza kuyasoma yote."

Mzee alimtazama. Winnie aliinamisha macho, akingoja. Aliyaona mabega ya baba mkwe wake yanaanza kutikisika, akadhani ni hasira. Kumbe ni kicheko, kilichoanzia mbali tumboni. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya koki. Kila alipotaka kusema, kilimshika upya.

"Wameambiwa wana masharti," alisema alipopata pumzi, "kuliko mganga!"

Winnie naye akashindwa kujizuia.

"Mnacheka nini?" Evelina akauliza. Wakamweleza. Walipofika kwenye maharage, akaja juu. "Yaani mmeniandika kwa watu wa Ulaya huko kwamba naunguza mboga? Na hamkuniambia mimi?" Lakini na yeye mdomo ulikuwa unamcheza. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, wote watatu walikula uani, Mashimba kwenye stuli yake, wanawake kwenye mkeka, hatua chache kati yao, na mazungumzo yakawa ya watu watatu.

Majibu ya wasomaji yalikuja mvua za vuli zilipoanza. Mmoja alisifu vipimo. Mwingine alikuwa na maswali ya kweli. Mchanga huo una ukubwa gani, ziwa lilipojaa vipimo vilibadilikaje. Mashimba aliyasoma akasikia raha ambayo hakuitarajia. Huyu alikuwa anabishana naye kuhusu mchanga. Alikuwa amesoma kila jedwali. Walijibu kila swali, Mashimba akisema, Winnie akipanga, na Jitesh kwenye simu akipiga kelele kuhusu mchanganyiko wa shaba.

Barua ya mwisho ilipofika, Mashimba hakuthubutu kuifungua. Akamkabidhi Winnie simu, uani, mbele ya Evelina. Winnie akasoma kimya kwanza, macho yakishuka. Kisha akasema, "Limekubaliwa, baba. Litachapwa." Evelina akapiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani. Mashimba alisema tu, "Haya. Haya basi," mara kadhaa, akipapasa magoti yake kwa viganja.

"Kuna ombi moja chini," Winnie akaendelea, sauti ikipungua. "Wanaomba tuondoe mistari yote ya asilimia kabla ya kuchapwa."

"Wameisoma?"

"Hawajasema, baba."

"Basi tusiwaulize. Iondoe kwenye hilo lao. La kwetu usiliguse."

Akampigia Jitesh, akamwambia kwa ufupi, na kutoka upande wa pili zikasikika nyundo zikinyamaza moja baada ya nyingine, kisha watu wengi wakishangilia kitu ambacho wengi wao walikuwa hawakijui. Akampigia Pius huko Geita. Pius alimpongeza, kisha akauliza kwa mshangao ni nani huyo anayecheka nyuma yake, maana sauti ilikuwa kama ya Winnie.

"Ndiye," Mashimba akasema. "Tuko naye hapa."

Baadaye akaingia ndani. Alikuwa mtu wa kulala kidogo, mwenye kuamka alfajiri na kuzunguka nyumba akifikiri. Mchana huo alivua viatu, akajinyoosha kitandani juu ya shuka bila hata kujifunika, na usingizi ukamchukua papo hapo, mzito, wa kukoroma. Majirani walianza kuja na pongezi zao. Evelina aliwapokea getini mmoja mmoja, akawaambia wakae, chai ipo, lakini mwenyewe wamwache kwanza.

"Amelala, jamani," aliwaambia. "Mwacheni alale."